Mawakili, acheni kununua tovuti. Andikeni!

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata niliyokuwa nimeahidi, niseme jambo ambalo limenikaa kooni muda mrefu. Najua pande mbili zitanikasirikia: mawakili, na wenzangu tunaotengeneza tovuti. Kasirikeni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Wakili anayefanya kazi peke yake, yule mwenye afisi ya chumba kimoja juu ya duka la dawa kule Nakuru, Thika au Kisumu, yeye na karani wake, hahitaji tovuti tunazomuuzia. Anahitaji kuandika. Anahitaji jina la mtandao ambalo ni lake, kurasa kama kumi za Kiswahili chepesi zinazojibu maswali anayoulizwa kila siku, na barua pepe ambayo ufunguo wake anao yeye. Basi. Mengine yote ni mapambo, na gharama ya mapambo hayo hailipwi na wakili peke yake. Inalipwa na mwananchi anayepoteza haki yake kwa kukosa kujua tarehe.

Unadhani natia chumvi? Twende polepole.

Fungua tovuti yoyote ya wakili mdogo. Utakuta picha kubwa ya nyundo ya mbao, ile ya kwenye filamu za Marekani. Kando yake kuna mizani ya shaba na vitabu vinene ambavyo wakili mwenyewe hajawahi kuvishika, maana ni picha ya kununuliwa. Picha zinajisukuma zenyewe kutoka kulia kwenda kushoto. Chini yake maandishi: "Sisi ni afisi inayotoa huduma bora za kisheria kwa weledi na uadilifu." Sisi akina nani? Ni mtu mmoja! Kisha kuna ukurasa wa "Habari" wenye habari moja tu: "Tovuti yetu mpya imezinduliwa." Imezinduliwa miaka minne iliyopita. Kisha kuna fomu ya mawasiliano ambayo ukiijaza, ujumbe unaenda kwa barua pepe ya jamaa aliyeitengeneza tovuti, ambaye siku hizi anauza magari.

Sasa mfikirie anayetafuta. Mama ana duka la nguo mjini, amepanga miaka sita bila mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba anamwambia kwa mdomo, "Mwisho wa mwezi utoke." Usiku mama anachukua simu, ana bando la shilingi ishirini, anaandika: "mwenye nyumba anaweza kunifukuza dukani bila notisi". Anapata nini? Nyundo ya mbao inayopakia mpaka bando linaisha.

Jibu lipo, na kila wakili analijua. Sheria ya wapangaji wa maduka, mahoteli na sehemu za kula, ile Sura ya 301, inamlinda hasa mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi. Mwenye nyumba lazima atoe notisi kwa fomu maalum, na haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee. Mpangaji akipinga, anapeleka jambo hilo kwa baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya tarehe ile kufika. Hayo ni maneno yasiyofika mia moja. Yangemtosha yule mama asifungashe nguo zake usiku ule, na aende kumwona wakili asubuhi.

Mfano mwingine. Kijana ananunua nusu ekari ya shamba la kilimo, analipa, anapewa karatasi iliyopigwa muhuri na chifu, anaanza kupanda. Hakuna aliyemwambia kwamba penye bodi ya kudhibiti ardhi, ombi la idhini ya bodi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano, na kwamba bila idhini mapatano yenyewe yanaweza kuhesabiwa kuwa batili. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu, lakini hiyo ni safari nyingine na pesa nyingine. Mfano wa tatu: mtu amefutwa kazi kwa njia isiyo halali, anangoja "mambo yatulie", anangoja bosi abadilishwe, na miaka 3 inapita. Kwa madai ya kazi, miaka 3 ndiyo mwisho. Anaingia kwa wakili mwaka wa nne na faili safi kabisa yenye ushahidi wote, na wakili anamwangalia kwa huruma.

Mawakili wote wanajua tarehe hizi. Wanazijua usingizini. Lakini wamezifungia kichwani, wakatulipa sisi tuwawekee picha ya mizani.

Sasa zamu yetu, watu wa programu. Wenzangu, tuambiane ukweli. Tunachukua templeti ya bure, tunabadilisha rangi ziwe nyekundu iliyoiva na dhahabu kwa sababu eti hizo ndizo rangi za sheria, tunaandika ankara ya makumi ya maelfu ya shilingi. Kazi ya siku mbili. Jina la mtandao tunaliandikisha kwa jina letu, "ili kurahisisha mambo". Neno la siri tunabaki nalo. Kisha tukibadilisha namba ya simu, wakili amebaki kama mpangaji asiyejua mwenye nyumba wake anaishi wapi.

Kuna wakili mmoja aliniletea shida ya namna hiyo mwaka jana. Jina la afisi yake mtandaoni lilikuwa limeandikishwa kwa jina la mtu ambaye hapatikani, muda wake ulikuwa unaisha, na barua pepe zake zote za kazi zilikuwa zinapita humo. Tangu 2020, kanuni za kesi za madai zinaruhusu hata hati ya kumwita mtu mahakamani itumwe kwa barua pepe au kwa programu ya ujumbe wa simu. Barua pepe si mchezo tena. Halafu mlango wake unashikwa na mtu ambaye hajulikani aliko?

Na si suala la usumbufu tu. Anachomwambia mteja wakili wake ni siri inayolindwa na sheria ya ushahidi. Juu ya hiyo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: taarifa za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, mwenye kuzishika ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Data. Niambie, wakili ambaye hajui seva yake iko wapi, hajui nani ana neno la siri, na hajui fomu yake inatuma ujumbe kwa nani, atajuaje kwamba kuna kitu kimevuja? Saa 72 zinaanza kuhesabiwa akiwa wapi?

Kwa hiyo nasema: tovuti ya maonyesho haimfai wakili, haimfai mteja, inamfaa aliyeitengeneza peke yake. Huo ndio ukweli wetu, na hatuusemi kwa sababu tunakula humo.

Haya. Najua majibu ya mawakili, nimeyasikia yote. Niyachukue moja moja.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Hili ndilo pendwa lao. Na mara nyingi linafuatwa na "sheria inatukataza kujitangaza." Kwanza, marufuku ile ya zamani ya kujitangaza kabisa ilifikishwa Mahakama Kuu, na 2012 mahakama ikaona kwamba katazo la moja kwa moja namna ile haliendi na Katiba. Mwaka 2014 zikatoka kanuni mpya za mawakili kuhusu matangazo. Mipaka bado ipo, na wakili anayejiheshimu atazisoma kanuni hizo kabla ya kuandika neno. Mimi si wakili, siwezi kumfundisha kazi yake. Lakini nielewesheni: kueleza kwamba notisi ya duka ni miezi 2, huko ni kujitembeza? Mwalimu anayeandika kitabu cha hesabu anajitembeza? Kujitembeza ni hiyo "huduma bora kwa weledi na uadilifu" mliyoiweka juu kwa herufi kubwa. Maelezo ya sheria ndiyo chema chenyewe. Na chema kilichofungiwa kabatini hakijiuzi, jamani, kinaota kutu.

"Nikiandika bure, nani atanilipa?" Swali zuri. Anayekulipa ni yule aliyesoma akaona jambo lake ni kubwa kuliko ukurasa. Hakuna anayesoma maneno 800 juu ya kugawa shamba la marehemu akasema "sasa nitakwenda mahakamani mwenyewe nigombane na ndugu zangu tisa". Anasema "huyu anaelewa", anachukua namba ya simu. Na yule ambaye ukurasa umemtosha? Huyo hakuwa mteja wako. Kwa mfano mtu anayedai deni la shilingi 60,000. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi 2021, inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60, na mtu anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Mweleze njia, mwache aende. Siku shamba la baba yake litakapoingia mgogoro, unadhani atampigia nani?

"Sina wakati." Hapa ndipo ninacheka. Wakili wangu mpendwa, unaeleza jambo lile lile kwa simu mara kumi kwa wiki, dakika kumi na tano kila mara, na hulipwi. Sisi watu wa programu tuna sheria moja: ukijikuta unafanya kitu kile kile mara ya tatu, kiandike mara moja, kompyuta ikirudie. Andika jibu, kisha ukipigiwa tuma kiungo. Ndiyo kazi ya ukurasa. Na usiniambie teknolojia ni ngumu kwako. Kuwasilisha kesi kwa mtandao kulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 kukaenezwa kwa mahakama za nchi nzima. Kama umeweza kupambana na mfumo ule, kuandika blogu ni kama kutuma SMS.

"Niko Facebook, inatosha." Haitoshi. Nguo ya kuazima haistiri. Waliojenga kwao kwenye Geocities walifungiwa 2009. Waliohamia Google+ walifungiwa 2019. Twitter ilibadilishiwa jina 2023 na watumiaji hawakuulizwa. Weka matangazo Facebook, sambaza WhatsApp, hakuna ubaya, huko ndiko watu waliko. Lakini maandishi yenyewe yakae nyumbani kwako, kwa jina lako, na huko kwingine upeleke kiungo. Mtu akitafuta jibu miaka mitatu ijayo, chapisho la Facebook litakuwa limezama chini kabisa. Ukurasa wako utakuwa pale pale.

"Siku hizi watu wanauliza akili bandia." Kweli, wanauliza. Na mashine inajifunza kutoka wapi? Kutoka kwa yaliyoandikwa. Waliojaza mtandao ni mawakili wa Marekani na Uingereza, kwa hiyo mpangaji wa Eldoret anaweza kujibiwa kwa sheria ya Texas, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Hata mawakili wenyewe wamenaswa: 2023 huko New York mahakama iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwako, zilizotungwa na ChatGPT. Dawa ya hilo si kulalamika. Ni wakili wa Kenya kuandika sheria ya Kenya, na kuweka kiungo cha hukumu yenyewe. Sisi tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina: Kenya Law inachapisha hukumu na sheria mtandaoni, bure, mtu yeyote asome. Ghala limejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni aseme, "Mama, unachotafuta kiko hapa, na maana yake ni hii."

Na aseme kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 48 kinataka kila mtu aifikie haki. Lakini hukumu zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mimi mwenye digrii nakisoma mara mbili. Wakili wa kampuni kubwa Upper Hill hataandika Kiswahili, maana wateja wake ni mabenki. Wewe wa Nakuru wateja wako ni akina mama wa maduka, wenye matatu, na warithi wa mashamba. Hapa ndipo mdogo anamshinda mkubwa, na silaha hiyo umeiacha imelala.

Isitoshe, hili si jambo geni. Carolyn Elefant, wakili wa Washington anayefanya kazi kivyake, alianzisha blogu ya MyShingle mwaka 2002 kwa ajili ya mawakili wa peke yao, miaka ambayo wengi wa taaluma yake waliona blogu ni mchezo wa watoto wa vyuo. Aliandika mwaka baada ya mwaka, na jina lake likajulikana mbali kuliko afisi nyingi zenye majumba. Na hapa kwetu? Ory Okolloh alisomea sheria Harvard, akawa anablogi kwa jina la Kenyan Pundit. Mwaka 2006 yeye na Conrad Akunga walianzisha Mzalendo ili wananchi waone wabunge wao wanafanya nini, na 2008 blogu yake ilikuwa moja ya mizizi ya Ushahidi. Hakuanza na picha ya nyundo. Alianza na kuandika.

Basi wakili afanye nini? Nitampa mpango wangu, bure, na wenzangu mnisamehe kwa kuwaharibia soko.

Kwanza, jina. Nunua jina lako la .co.ke mwenyewe, kwa barua pepe yako mwenyewe, ulipe kwa simu yako mwenyewe. Ni kama shilingi elfu moja hivi kwa mwaka. Anayekutengenezea tovuti apewe ruhusa ya kuingia, asipewe umiliki. Akikataa, mwonyeshe mlango.

Pili, barua pepe ya jina hilo hilo, na uthibitisho wa hatua mbili kwenye simu. Karani awe na akaunti yake. Akiondoka kazini, unaifunga siku hiyo hiyo.

Tatu, kurasa nyepesi. Ukurasa wa maneno 1,000 ni kama kilobaiti 7 za maandishi matupu. Picha moja ya nyundo ya megabaiti 4 inalingana na kurasa zaidi ya 500 za namna hiyo. Chagua unachotaka mteja wako alipie kwa bando lake. Weka kufuli ya https, siku hizi cheti chake hupatikana bure.

Nne, andika maswali kumi. Usitafute mada kubwa. Chukua daftari la karani, angalia watu wameuliza nini mwezi huu. Kichwa cha kila ukurasa kiwe swali lenyewe, kama linavyoulizwa mlangoni kwako. Jibu katika sentensi mbili za kwanza. Kisha maelezo, kisha kiungo cha sheria au hukumu, kisha tarehe uliyoandika. Tarehe ni muhimu! Sheria hubadilika, na ukurasa usio na tarehe ni mtego.

Tano, usiandike kesi ya mteja wako. Hata ukibadilisha jina. Mji mdogo, watu wanajuana. Andika sheria, acha watu. Na usikubali mtu akueleze siri zake kwenye sehemu ya maoni. Mwambie apige simu.

Sita, kila mwezi toa nakala ya kila kitu, uihifadhi kwenye diski iliyo mkononi mwako. Kama huwezi kuondoka na maandishi yako yote siku moja, basi si yako.

Hayo sita hayahitaji kampuni. Yanahitaji alasiri moja na mtu mwaminifu wa kompyuta, kisha saa moja kila wiki kwa wiki kumi.

Na kwa wenzangu wa programu: hii haiui kazi yetu. Wakili anayeandika atakuja kutaka utafutaji mzuri, kalenda ya tarehe za kesi, njia salama ya kupokea nyaraka za wateja. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyesomea kompyuta. Kubadilisha rangi za templeti anaweza mtoto wa kidato cha pili.

Yule mama wa duka ataandika swali lake tena usiku wa leo, kutoka mji mwingine, kwa simu nyingine. Atajibiwa na mtu. Kama si wakili anayejua ni miezi 2, basi ni dalali, ni jirani, ni ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara mia, au ni mashine inayomsomea sheria ya Texas. Mawakili, kiti hicho ni chenu na mmekiacha wazi.

Kama wewe ni wakili na unaona nimekosea, niandikie hapo chini uniambie wapi. Lakini nakuomba kitu kimoja: jibu lako liandike kwenye tovuti yako, kisha uniletee kiungo.